Barua za Gredi ya Sita

Sotik, 4 Februari 2024

Mwanangu Nyaboke,

Hujambo? Mimi sijambo, ila goti, nalo nimelizoea. Unakula vizuri kwenye baridi hiyo?

Shule yetu usingeitambua. Enzi zako ilikuwa vyumba vinne vya udongo, Wakisii na Wakipsigis basi. Sasa ni madarasa kumi na moja ya mawe, na Wajaluo, na Wasomali wa sokoni. Wanataniana kwa lugha tano. Mimi naelewa tatu.

Nimejigamba mbele ya darasa langu kwamba binti yangu ni mwalimu Toronto. Basi gredi ya sita wamewaandikia wanafunzi wako. Silvanus, anayekuja kusoma huko, atakuletea barua arobaini na mbili. Wahimize wajibu!

Mama yako

Malton, Kanada, 10 Machi 2024

Mama mpendwa,

Natumai goti limepoa. Mimi ni mzima. Silvanus alifika salama. Wanafunzi wangu wamefurahi sana, watajibu wakimaliza mitihani.

Bintiyo

Sotik, 19 Mei 2024

Nyaboke,

Hatujambo. Kila asubuhi watoto wananizingira mlangoni. Zahira, yule aliyeandika kurasa tatu, ameacha kuuliza, na hilo ndilo linaloniuma. Hiyo ni mitihani gani isiyoisha?

Mama

Malton, 2 Juni 2024

Mama,

Hujambo? Leo siwezi kusema mimi ni mzima.

Sina wanafunzi. Cheti changu cha ualimu hakikukubaliwa hapa. Napanga vifurushi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, mwaka wa tano sasa. Siku ile nilipokupigia simu kusema nimepata kazi, ulidhani ni ya ualimu ukafurahi mno, nikashindwa kukuambia ukweli.

Barua nimezisoma mwenyewe, mbili kila nikitoka zamu, ili zisiishe upesi. Zimeisha. Nina upweke, Mama. Usiwaambie watoto, tafadhali.

Bintiyo

Sotik, 13 Julai 2024

Mwanangu,

Sisi wazima. Wewe je?

Nilikasirika, wiki tano sikushika kalamu. Kupanga vifurushi si aibu; uongo ndio ulioniudhi. Nimewaambia watoto ukweli, maana mimi ndiye huwakemea wakidanganya. Nilidhani watacheka.

Zahira akainua mkono. “Mwalimu, kumbe alizisoma zote peke yake? Sasa huko anaongea na nani?”

Darasa zima likanitazama. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na swali kama hilo sijawahi kuulizwa. Niliwaambia nitakuuliza.

Mama yako