Pikipiki Ninayoweza Kuiinua

Jumanne, baada ya isha

Na miguu yangu yote miwili ilifika chini nilipoipanda pikipiki. Hilo ndilo ninalolifikiria tangu alasiri.

Kaka Athman hutengeneza pikipiki za watu hapa uani. Leo zilikuwa mbili: moja kubwa mno, nyingine ya wastani, injini ya silinda mbili. Nilimuuliza angechagua ipi.

"Hiyo kubwa ni ya kujionyesha," akasema. "Ikilala mchangani utaita mtaa mzima. Hii ya silinda mbili inakufikisha Kilifi na kukurudisha bila kuchoka, na ikianguka unaiinua peke yako. Haya, jaribu."

Akailaza juu ya magunia. Nikaiinua kwa shida, lakini nikaiinua. Kisha nikakusanya dera langu nikapanda, mguu huku na mguu huku.

Mama akatoka jikoni. "Shuka, mwanangu. Mtoto wa kike hukaa upande, nyuma ya nduguye."

Nikashuka. Tangu nimalize shule sijatoka langoni bila Athman. Chuo ninachotaka kusoma kiko Kilifi, na Mama asema ni mbali.

Mwenye ile ya silinda mbili alikuja kuichukua wakati wa magharibi. Niliusikiliza mlio wake mpaka ukapotelea barabara kuu.

Mikono bado inaniuma. Sitaki iache.