Kijiko Kwanza

Patron wangu Anselme,

Bahati inanipenda mimi, unajua hivyo tangu zamani. Karti mpya, ule ubao wa umeme unaoiongoza mashine, imefika, nimefunga swichi zote mbili za pembeni mwenyewe, na mashine ya leza imekubali mara ya kwanza, bila hata kukohoa. Kichwa chake kinakimbia mpaka pembeni, kinahisi chuma, kinasimama polepole kama askofu anayefika altareni. Jina lako limeshachorwa kwenye msalaba wa mbao, herufi zimenyooka kama watoto wa shule hapa Mushasha wakiwa kwenye mstari asubuhi. Watu wanapita mbele ya atelier, karakana yetu ya vibao, wanasema, Kigoma sasa ni patron.

Bado wananiita Kigoma. Jina hilo ulilonipa limenigandia, kwa sababu kila maneno matatu nilikuwa naweka "kule Kigoma".

Jumamosi tunaganduka, patron. Msiba wako unafungwa. Mkeo, Mama Goreti, alinipigia simu kutoka Buhinyuza, akasema ndizi za pombe zimeshafukiwa na wajomba wa Muyinga wote watakuja. Akasema: "Kigoma mwanangu, msalaba uandikwe na ile mashine yake. Sitaki rangi ya brashi." Nikamjibu, Mama, hiyo kazi imekwisha.

Hapa vitu vimebadilika kidogo. Kigoda chako hakuna anayekikalia, nimeweka mafuta ya mashine juu yake ili nisiwafukuze wateja kwa mdomo. Kijiko chako cha chai bado kinaning'inia kwenye msumari.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuja nimetoka kambini Tanzania, nina darasa la tano na mdomo wa daktari. Ukaniuliza, unajua umeme? Nikasema, umeme ndio unanijua mimi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukanipa ile swichi, kibomba cha chuma kama kidole, na nyaya tatu: kahawia, bluu, nyeusi. Ukasema: "Hii inaona chuma bila kukigusa. We unagusa kila kitu bila kukiona."

Ukafuta kijiko kwenye shati, ukakisogeza karibu. Taa nyekundu ikawaka. Ukaweka testa kwenye waya mweusi, ikasoma volti ishirini na nne. "Karti inakunywa tano tu, Kigoma. Ukiipa hizi zote, ni kumnywesha mtoto mchanga pombe kali ya kanyanga." Ndiyo sababu katikati ulikuwa unaweka kile kidude cheusi cha miguu minne, kinachopitisha habari na kuuzuia ule umeme mwingi. Kila swichi, hata ikiwa ya kumi, ulisema vilevile: kijiko kwanza, kidude katikati, karti mwisho. Mi nikadhani ni uzee.

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Ulikuwa umekwenda Buhinyuza kupumzika wiki mbili, kwa sababu mikono ilianza kukutetemeka. Swichi ya kushoto ulikuwa umeshaifunga. Ya kulia ulisema ikungoje. Mama Riziki akaja, yule Mkongomani wa vitambaa, anataka kibao cha duka lake. "Eh Kigoma, patron hayuko, na mashine iko imelala?" Nikamwambia, Mama, patron mwenyewe ananiuliza mimi. Nikamwambia nimefunga mashine kama hizi Lubumbashi, kwa Wachina. Patron, Lubumbashi sijafika. Niliishia Uvira, na huko nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha.

Nikachukua swichi ya kulia. Kijiko kilikuwa pale pale juu ya kichwa changu. Sikukishika, kwa sababu fundi mkubwa mbele ya mteja hachezi na kijiko. Kidude nacho niliona kinanichelewesha. Waya mweusi nikaupeleka moja kwa moja kwenye karti. Nikawasha. Kichwa kikatembea vizuri, Mama Riziki akaanza kupiga makofi. Kikaikaribia swichi, taa nyekundu ikawaka, nzuri kabisa. Halafu ikaja harufu. Mama Riziki akashika pua. "Kigoma, kuna kitu umepika."

Upande wako, wa kushoto, haukuwa na kosa lolote. Niliuangalia saa ileile. Niliona.

Ukapiga simu mchana huohuo kuuliza kazi inaendaje. Nikasema... ngoja niandike kama nilivyosema. Nilisema: "Patron, karti imeungua. Ni ule waya uliofunga we. Mikono ilikutetemeka, nyuzi zikagusana."

Nilisikia kuku wa kwako wakilia. Ukasema: "Basi mikono yangu imekwisha. Nisamehe, Kigoma, nimekuharibia kazi." Na mimi nikakujibu, si kitu, patron.

Nilikusamehe. Mimi.

Hukurudi tena hapa Gitega. Ulituma testa na bisibisi zako kwa basi la Karuzi, zimefungwa katika kitambaa cha Mama Goreti, na maneno: sasa hivi ni vyako. Nilitembea navyo mtaani kama mtu aliyepewa ufalme. Ni siku tuliyokuzika ndipo Mama Goreti aliponiambia kwamba hata radio ya nyumbani ilipokufa ulikataa kuifungua uitengeneze. Ulikuwa unaiangalia tu hiyo mikono na kusema, hii iliunguza karti ya watu. Radio ilikaa kimya mpaka nawe ukanyamaza.

Baada ya mazishi, msemaji wa familia alisimama akauliza kama kuna mtu mwenye neno na marehemu. Mi nikasimama. Nilisema ulinipenda kama mtoto wako, nikatia na utani kidogo, watu wakalia, wakacheka. Niliongea vizuri sana, patron. Halafu nikakaa nikapewa mrija wa impeke, pombe yetu ya mtama, na nikanywa.

Jumamosi watauliza tena, na hiyo ndiyo mara ya mwisho. Baada ya kuganduka, neno ambalo halikusemwa linabaki na mwenyewe mpaka naye azikwe. Ninakuahidi nitasimama. Nitamtazama Mama Goreti, si watu, na sitatia utani. Nitasema mikono ya Anselme haikuunguza kitu, iliyounguza ni hii. Wajomba wakinifukuza nitatoka. Wakiniacha, nitaomba ile radio niifungue pale uani, na kijiko chako kitakuwa mfukoni.

Lala, patron. Mikono yako ilikuwa mizima. Nilipaswa kukuambia ungali unasikia.

Na ile bahati ya pale mwanzo ni uongo. Karti mpya iko bado ndani ya boksi, kwa sababu nikishika waya mweusi ni mikono yangu inayotetemeka. Msalaba nimeuandika kwa msumari wa moto, na herufi za mwisho za jina lako zimepinda. Mashine haijasogea tangu siku ile.

Kigoma wako