Sauti ya Mama Ilipoondolewa

Kingston, Machi 1975

Mpendwa dada Verona,

Sisi hatujambo. Mshelisheli wa uani umeanza kuzaa, na goti la Mama limepata nafuu, kiasi cha kumfikisha studio kugombana na watu.

Unaukumbuka ule wimbo aliorekodi na Baba? Fundi mitambo mmoja, Lascelles, ameukatakata. Kaondoa karibu sauti yote ya Mama, kabakisha ngoma, gita na mwangwi, na sasa watu wanaucheza dansini kila Jumamosi. Mama akamvaa: "We kijana, unakata nyimbo za watu halafu unajiita msanii? Si uimbe wako!"

"Mama, kaa kwanza usikilize," akasema Lascelles, akimvutia kiti.

Mama alisikiliza kafumba macho. Kisha akauliza, "Hilo gita linalolia kama mtu, nani anapiga?"

"Mumeo, Mama. Lilikuwemo siku zote, chini ya sauti yako."

Dada, unajua Mama na Baba walivyoachana, na kwamba Mama hakutoa chozi hata kwenye mazishi ya Baba. Pale alilia. "Mimi nilikuwa naimba tu," akasema, "kumbe mwenzangu alikuwa ananijibu."

Tangu siku hiyo najiuliza: Lascelles katunga kitu, au kakifunua tu? Wewe unaonaje?

Njiani nilimuuliza Mama. "Mwizi yule," akasema. Tulipofika getini akaongeza, "Kesho nipeleke tena. Nataka anitoe kabisa humo, nimsikie baba yenu vizuri."

Mdogo wako anayekukumbuka,
Pearline