Supu ya Baba na Dawa ya Hakimu

Nyumbani,
Chumba cha uani.
Jumatano, 18 Agosti 2021.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Wifi ameshapona mgongo? Na watoto, bado wanagombania kulala upande wa dirisha? Sisi huku tunapumua. Mama ni mzima, ila amekonda. Mimi bado niko kwenye duka la vipuri, nyuma ya kaunta, napanga beringi na mikanda ya feni, na wateja bado wananiletea vipande vilivyovunjika mfukoni wakidhani najua jina la kila kitu.

Baba yuko nyumbani. Anatembea mpaka uani na kurudi, kisha anakaa na kushika kifua, si kwa maumivu, bali kama mtu anayesikiliza kama mlango umegongwa. Amepewa vidonge vya moyo vya asubuhi na jioni, na kila mwezi atarudi kupimwa mapigo.

Najua umeshapata habari hizi kwa Baba Mkubwa. Alinisikilizisha mwenyewe ujumbe wa sauti aliokutumia, kwamba dawa yake ndiyo iliyomwokoa baba, na kwamba moyo uliharibiwa na umeme wa hospitali. Nilitoka nje nikatema mate. Sasa anatuambia umekaribia kumkubalia baba akauguzwe nyumbani kwake. Kabla hujamjibu, soma hapa. Sikupigi simu kwa sababu humu ndani simu zote huwekwa sauti kubwa, na neno likitoka linamfikia siku hiyo hiyo. Nimefungua shajara yangu ili nisikuchanganyie mambo.

Baba alilazwa tarehe 12 Julai, kwa kikohozi na homa, na pumzi ikimkatika akiongea. Wodi ya corona haikuruhusu wageni. Chakula kilikuwa kinaachwa getini kwenye chombo chenye jina la mgonjwa, na mhudumu anakuja kukichukua. Mama alipika supu kila siku, na Baba Mkubwa akajitolea kuipeleka, kwa kuwa ana gari. Tulimshukuru sana.

Unamjua. Alikuwa karani wa mahakama, lakini miaka yote anaongea kama yeye ndiye aliyekuwa akitoa hukumu, ndiyo maana tangu utotoni akigeuka tu tunamwita Hakimu. Akishasema, kikao kimefungwa. Baba mwenyewe, pamoja na mvi zake, hajawahi kumwambia kaka yake hapana.

Tarehe 19 nilikuwa kazini, saa ya chakula, nikafungua kundi la ukoo kwenye simu. Kulikuwa na sauti ya Hakimu. Alianza na kile kicheko chake cha puani. "Hao madaktari wenu wanapapasa tu," alisema. "Mimi mdogo wangu nampa dawa ya malaria, ile ya zamani, ile chungu. Naisaga, naitia kwenye supu ya shemeji. Hata hajui. Si mnaona anavyopata nafuu?" Chini yake Shangazi alikuwa ameweka picha za mikono inayopiga makofi, na ndugu wengine wakafuata.

Kweli, baba asingeweza kujua. Ugonjwa ulikuwa umemwondolea ladha yote, angeweza kunywa hata maji ya betri. Na namna ilivyotengenezwa nimekuja kuijua baadaye, maana Hakimu haoni haya kuionyesha. Alisimamisha gari njiani, akasaga vidonge kwa kitako cha chupa ya soda juu ya kiti cha pembeni, penye makombo ya mkate na nywele za mbwa wake, akamimina unga kwenye supu ya Mama, akakoroga kwa kidole. Kisha akakilamba kidole. Hiyo ndiyo supu iliyomfikia baba.

Niliomba ruhusa nikaenda nyumbani, nikawakuta wote sebuleni, kwa sababu hospitali walikuwa wamesema watapiga. Simu ikaita, Baba Mkubwa akaiweka mezani. Alikuwa daktari wa wodini, mwanamke, sauti imechoka.

"Mapigo ya moyo ya mgonjwa wenu yamevurugika," alisema. "Yanakimbia, yanakatika, yanakimbia tena. Asubuhi tulilazimika kumshtua kwa umeme. Corona yenyewe huweza kuusumbua moyo, lakini nataka uhakika. Kuna dawa yoyote anayotumia zaidi ya zile tunazompa?"

Hakimu alisafisha koo. "Hakuna, Daktari. Mdogo wangu hata kidonge cha kichwa mpaka abembelezwe."

Akakata simu, na hapo hapo akaanza kuufuta ujumbe wake kwenye kundi. Barakoa ameivuta kidevuni, kidole gumba anakilamba kabla ya kugusa kioo. Wenzake wakaanza kufuta makofi yao. Kaka, nimeshaona panya wamekufa ndani ya boksi la vipuri, sikusikia kichefuchefu kama kile.

"Baba Mkubwa, mbona hukumwambia?" nikauliza.

"Nimwambie nini?"

"Dawa."

"Mwanangu, dawa ile imetibu watu kabla mama yako hajazaliwa. Nimwambie yule binti ili kesho nipandishwe kizimbani? Unataka jina la babu yako lisomwe mahakamani?"

"Si wewe ndiye hakimu? Utajiachia huru mwenyewe."

"Msikilizeni huyu," akasema Shangazi. "Kaunta ya vipuri imemfundisha mdomo. Kaka alifanya kwa mapenzi. Na baba yako ana corona, moyo unasumbuliwa na corona, daktari mwenyewe amesema. Unataka nini zaidi?"

"Nataka daktari ajue."

"Kikao kimefungwa," akasema Hakimu.

Mama akauliza taratibu, "Shemeji, na ya leo umetia?"

"Dozi haikatizwi, shemeji," akajibu, kama mtu anayesubiri kupongezwa.

Mama alitoka uani. Nilimsikia akitapika. Ndani hakuna aliyeinuka kumfuata. Shangazi alichofanya ni kupunguza sauti ya televisheni.

Nilikwenda hospitali. Mlinzi alinizuia kwenye uzio wa waya, nikamwambia ninajua kinachomuua mgonjwa wa kitanda cha dirishani, akaniangalia kama kichaa, lakini akapiga simu ndani. Daktari akaja na mavazi yake ya plastiki, jasho linamtiririka. Nilimweleza kwa kifupi. Hakunigombeza. Aliuliza jina la dawa, ameanza kupewa lini, kisha akauliza, "Supu ya leo imeshaletwa?"

"Ndiyo."

Aligeuka akakimbia, na vile viatu vyake vya mpira. Nikabaki nimeshika waya.

Supu ilikuwa bado haijanywewa, iko kwenye kabati la kitanda cha baba. Mhudumu alikuwa ameshafungua kifuniko na kuweka kijiko.

Baadaye daktari alinieleza kwa utaratibu. Moyo unaendeshwa na umeme wake wenyewe, na kila baada ya pigo unahitaji muda wa kujiandaa kwa pigo linalofuata. Dawa ile ya malaria inauvuta muda huo ukawa mrefu, na dawa ya kifua waliyokuwa wakimpa wao inauvuta pia. Kila moja peke yake huvumilika kwa wengi. Zikikutana, tena ndani ya mtu mwenye corona, aliyeharisha na kupoteza chumvi za mwili, umeme unapotea njia. Wao walidhani ni ugonjwa tu, wakaendelea na dawa yao, kwa sababu waliuliza na wakaambiwa hakuna kitu. Walisimamisha ile ya kifua, wakamwongezea chumvi kwa dripu, wakamwekea mashine ya kuangalia mapigo saa zote. Siku ya tatu mistari kwenye kioo ikaanza kufanana. Alisema wengine hurudi sawasawa, wengine moyo hubaki mwepesi kuvurugika. Baba yumo kwa hao wa pili. Hatakiwi kupewa dawa hiyo tena, wala yoyote bila kuuliza.

Unadhani aibu iliingia nyumba hii? Baba aliporudi walikuja wote, wamevaa vizuri. Hakimu alikaa kiti cha katikati akasimulia dawa yake, na ndugu wakaitikia. Mimi Shangazi ananiita Afande. "Afande, leo umemkamata nani?" ananiuliza nikimpelekea chai, na watu wanacheka, na wanakunywa. Mama tangu siku ile hajapika supu. Akiulizwa anasema nyama imepanda bei.

Hakimu amesema atakuja Jumamosi ya tarehe 28 kumchukua baba. Amenunua, kwa maneno yake, "dawa ya kuusafisha moyo na mabaki ya hospitali." Vidonge vya madaktari ataviangalia kwanza kama vinafaa. Nilimwambia alichosema daktari. Akaniambia daktari yule ana umri wa mjukuu wake.

Nilikwenda kwa baba, nikamkuta ameshaanza kukunja mashati.

"Baba, unataka kwenda?"

"Kaka ameita."

"Alikutilia dawa kwenye chakula bila kukwambia. Nusura ufe."

"Alidhani ananisaidia."

"Na safari hii atakusaidia tena."

Akachukua shati jingine akalikunja, kola juu, kama alivyofundishwa na kaka yake walipokuwa shule. Nasikia vibaya kuandika hili, lakini nilimchukia naye pia, kwa dakika ile. Nilitamani kuyatupa mashati uani.

Mimi ni mtoto wa kike, tena mdogo, neno langu mbele ya ukoo ni la kuchekwa. Mama ni mke wa mdogo mtu. Unajua desturi yetu: neno la mkubwa wa ukoo juu ya mtu wa nyumba hii linapingwa na mmoja tu, kifungua mimba wa nyumba. Ndiyo maana anakubembeleza kwa sauti tamu. Bila ndiyo yako hawezi, na ukikaa kimya atasema umekubali.

Najua utasema uko mbali, tusiuvunje ukoo. Ukoo ulikaa sebuleni ukafuta ujumbe siku ile ile baba aliyoshtuliwa kwa umeme. Mimi sioni kilichobaki cha kuvunja. Barua hii anakuletea dereva wa lori, itakufikia kabla ya tarehe hiyo. Mwambie hapana, na umwambie baba pia, kwa sauti yako. Mlango naweza kuufunga, lakini siwezi kumfungia baba anayetaka kutoka mwenyewe. Wewe akikusikia ataliweka begi chini.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakusalimu. Baba naye amesema nikuulize kama unakula vizuri.

Mungu akupe afya, na akukinge na kila anayekupenda bila kukuuliza.

Mdogo wako akupendaye,
Afande wa nyumba hii.