255 Ikabaki 255

Jumatatu, 3 Juni

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Sisi wazima, Mama anakusalimu.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: maktaba ya shule ndiyo mahali pekee ambapo siogopi watu. Sasa mkuu wa shule ameweka kitasa cha kadi mlangoni. Kadi zetu zina namba za kawaida, lakini kitasa kinataka orodha ya namba hizo kwa hexadesimali, ile ya kuhesabu mpaka tisa kisha A mpaka F. Orodha isipopatikana kufikia Ijumaa, maktaba itafungwa kila masomo yakiisha. Mkutubi aliuliza nani anajua kompyuta. Mkono ulikataa kuinuka, nikamwachia kikaratasi mezani.

Na nimeweza, Mama mdogo. Programu yangu ya Python inachukua tarakimu za kadi moja moja, inazigeuza, inaziunganisha tena. Haikutoa kosa hata moja. Niliijaribu kwa 255, ikaleta 255. Nina furaha mpaka chakula hakipiti.

Mwanao

Jumanne, 4 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ulikuwa umepoa, ila kicheko kimeuamsha. Jirani yangu wa ofisini kaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Hujageuza kitu, mama. Mbili peke yake ni mbili hata kwa hexadesimali, na tano ni tano. Umeituma 255 sokoni, imerudi na kikapu kitupu. Kadi ukiisoma kwenye faili ni maandishi tu. Kwa kompyuta hizo ni alama tatu zimepanga foleni, haijui kuwa ni mia mbili hamsini na tano. Kwanza uifanye namba nzima kwa int, ndipo uipitishe kwenye hex inayoigeuza. Itakuja na 0x mbele, ikate:

hex(int(kadi))[2:]

255 ikitoka ff, umefika. Na hiyo Ijumaa usitume kikaratasi. Nenda mwenyewe.

Mama yako mdogo

Jumamosi, 8 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo tena, na pole kwa mgongo. Huku afya tele.

ff ilitoka. Niliiangalia kama mtu aliyeona jina lake gazetini.

Jana nilikwenda mwenyewe. Kadi ya kwanza ikafungua, ya pili ikafungua, halafu ya tatu ikagoma, mkuu wa shule akiwa amesimama pale pale. Akamgeukia mkutubi akamwambia alete kufuli. Mkutubi akanitazama mimi. Lakini nilikuwa nimeiona ile kadi: namba yake ilianza na sifuri, na int huzitupa sifuri za mbele. Kitasa kinataka alama nane, kimepewa sita.

"Mwalimu, kufuli lisubiri," nilisema. "Kadi ni nzima. Orodha ndiyo imepungukiwa sifuri mbili."

Akauliza, "Wewe ndiye mwenye orodha?"

"Ndiyo, mimi."

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Kwenye kompyuta ya mkutubi nikaongeza .zfill(8) mwishoni mwa ule mstari wako, ambayo hujaza sifuri mbele mpaka zitimie nane, nikaiingiza orodha upya. Taa ya kijani ikawaka. Mkuu akacheka, akasema basi na kadi zilizobaki nigawe mimi.

Wenzangu walikuwa wamejaa barazani. Nikachukua boksi la kadi, nikasimama mlangoni, nikaanza kuwaita majina kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka boksi likaisha.

Mwanao