Mafuta ya Kwenda Tu

Jumapili, 4 Mei

Leo natimiza mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke kwetu. Nimeandika tarehe, kisha nikaikagua kama nilivyokuwa nikikagua prufu za vitabu kule kiwanda cha uchapaji, nikitafuta kosa. Hakuna kosa. Thelathini na moja.

Barabara imefunguliwa! Dada yangu amepiga simu asubuhi, sauti imejaa mikwaruzo. Malori mawili yamepita, na gari la daktari. Akasema macho yanamwishia. "Mdogo wangu, njoo nikutazame kabla sijafunga duka." Tukacheka. Yeye huko, mimi huku.

Mabasi bado hayapiti. Lakini tuna gari. Nusu ni yangu, nusu ni ya binti yangu na mumewe. Tulilinunua pamoja mwaka juzi. Ni SUV ndogo, ya rangi ya majivu. Fupi, ila imeinuka vya kutosha, goti langu halilii ninapoingia. Binti huliita Kobe.

Kutoka mpakani hadi mlangoni kwa dada ni kilomita mia saba. Kituo cha mafuta hakuna hata kimoja. Basi swali ni hilo tu — Kobe atafika?

Jumanne, 6 Mei

Baada ya kula, baraza la wenye magari. Jirani yetu mwoka mikate alikuja pia, maana analo kama letu, la kusambazia mikate madukani. Akaapa kuwa lake linakwenda kwa harufu ya mafuta tu. Kilomita ishirini kwa lita! Mkwe wangu akamuuliza kama maduka yake yote yako kwenye mteremko. Mwoka mikate akanuna, akajimiminia chai nyingine bila kukaribishwa.

Nami nikaweka yangu mezani. Nusu tangi hunipeleka kilomita mia tatu na themanini. Tangi zima, basi, ni mia saba na sitini. Tunafika, na chenji inabaki.

Mkwe akanitazama. "Baba, hilo tangi umewahi kulimaliza?"

Sijawahi. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi. Siku tuliyokimbia tulikuwa na magari mawili. La pili lilizimika darajani, tangi kavu. Mke wangu alikuwa humo. Tangu siku ile watu wetu wote huku ni hivyo: mshale ukigusa nusu, tunajaza. Iwe harusi, iwe msiba, utatukuta kituoni tumepanga foleni na matangi yasiyo na njaa. Watoto wetu wanatucheka. Nao wanajaza.

Jumamosi, 10 Mei

Jaribio. Wazo la mkwe: tujaze pomoni, tupakie uzito wa safari, tuzunguke barabara ya nje ya mji mpaka gari lizimike lenyewe. Nilipakia makasha yangu manne ya vitabu. Mkwe akayatazama, akanisaidia kuyainua. Ni kijana mwenye adabu.

Nusu ya juu ilikwenda polepole kama bwana harusi. Nikaanza kumwimbia Kobe. Nusu ya chini — ilidondoka! Ilishuka kama ndoo iliyokatika kamba. Kufika kilomita mia tano na thelathini, injini ikakohoa mara mbili, tukasimama kando ya ghala la mbao.

Ndiyo mambo ya mshale huo, alieleza mkwe. Unakawia juu, unakimbia chini. Mwenye gari yeyote anajua, akasema, kisha akajiuma ulimi. Kweli. Mwenye gari yeyote, isipokuwa anayejaza kwenye nusu. Mimi nimeishi miaka yote katika nusu ya juu ya tangi, nikadhani ya chini inafanana nayo.

Injini ilipozimika sikuweza kuendelea kukaa ndani. Sikutegemea hilo. Nilitoka nikasimama kwenye majani. Mkwe alikuwa akimimina petroli kutoka kwenye dumu huku akipiga mluzi. Aliponiona aliacha kupiga mluzi.

Jumapili, 11 Mei

Hesabu upya. Mkwe ameuliza kwenye kundi la simu la wenye magari kama hili. Watu wa ajabu! Mmoja anasema punguza upepo wa magurudumu, mwingine anasema ongeza. Mmoja anapendekeza tung'oe kiti cha mbele. Mwingine alituma picha ya mbwa wake ndani ya buti, kuonyesha nafasi ilivyo. Lakini wawili waliowahi kupita njia mbovu wanakubaliana: na mzigo, mawe na mchanga, usitegemee zaidi ya kilomita tisa kwa lita.

Tangi ni lita arobaini na tano. Mpakani wanaruhusu madumu mawili ya lita ishirini, basi. Lita themanini na tano. Mia saba na kitu.

Linafika!

Nilimpigia dada. Akauliza linakula kiasi gani, nikamwambia. "Yarabi, linakunywa kama marehemu mjomba." Akacheka mpaka akapaliwa. Nikamuuliza habari za petroli kwao. Huuzwa kwa chupa, ikiwepo. Mara ya mwisho ilikuwepo lini? Hapo akaanza kuniambia habari za mbuzi wake.

Jumatano, 14 Mei

Binti amejua.

Kosa ni langu na buti. Viti vya nyuma vya gari hili hulala, sakafu ikawa sawa kama meza — sifa kubwa, wenye magari wote wanaisifu. Nilikuwa uani, nimelaza viti, napima kwa kamba. Makasha manne. Madumu mawili wima. Godoro jembamba, lililokunjwa. Kila kitu kimeingia, hata fimbo yangu. Nikafurahi kama mtoto.

Alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni la nguo.

"Baba, umesema wiki mbili."

"Naam."

"Wiki mbili, makasha manne?"

Nikamwambia macho ya dada ni mabovu, nitamsomea. Akaweka beseni chini. "Utamsomea vyote?"

Nikakunja kamba. Akaanika nguo, shati baada ya shati, akizibana kama anaziadhibu. Mwishowe akasema, bila kugeuka, kwamba angependa kuambiwa na mimi, si na buti la gari.

Kweli nilikuwa nimeshaamua. Nibaki huko kwa dada. Kuna chumba cha nyuma, dirisha linatazama bustani ya mama. Dada ana miaka themanini na mbili, mimi sabini na minane. Tungemaliza pamoja, tukigombana. Mkwe angenifikisha, angelala usiku mmoja, angegeuza gari.

Angegeuza gari. Hayo maneno nimeyaandika sasa hivi tu, na kalamu imesimama.

Alhamisi, 15 Mei

Sikulala vizuri. Nimeshika penseli tangu alfajiri. Mia saba kwenda, mia saba kurudi. Lita themanini na tano.

Linafika. Halirudi.

Nilimwita mkwe, nikamwonyesha karatasi. Anajua! Amejua tangu Jumapili. Akasema atasubiri huko mpaka mafuta yapatikane. Atamsaidia dada kuezeka banda. Wiki, mwezi, si neno. "Baba, wewe umesubiri miaka thelathini na moja, mimi nishindwe mwezi?" Alisema kwa utani. Ndivyo alivyo, akitaka kujitolea hujifanya anatania.

Na kama barabara itafungwa tena?

Akainua mabega. Bega moja likapanda kuliko jingine. Mwongo mbaya.

Mwoka mikate, aliyekuja kuazima pampu, akasema tusubiri mwaka ujao, vituo vitajengwa. Mwaka ujao! Hilo ni neno la wenye miaka mbele yao.

Ijumaa, 16 Mei

Jikoni na binti. Alikuwa akikata vitunguu, kwa hiyo machozi hayakuhitaji maelezo.

Nikamwambia nataka ruhusa yake. Akasema hanizuii. Kwenda kwangu ni haki yangu, ataninyooshea hata nguo za safari. Amekasirika, ndiyo, atakasirika mwaka mzima, lakini ataelewa. "Wewe nenda, Baba. Ila mume wangu uniachie mafuta ya kumrudisha."

Nikaanza kueleza habari za madumu, na sheria ya mpakani. Akanikatiza.

"Baba. Mimi nimeshamsubiri mtu mmoja aliyeishiwa mafuta."

Alikuwa na miaka minne siku ile. Nilidhani hakumbuki kitu. Hajawahi kulitaja daraja, hata mara moja, katika maisha yake yote nyumbani mwangu. Akageuza kisu, akasukumia vitunguu kwenye sufuria. Mafuta yakalia.

Nikatoka nikaketi ndani ya gari, uani, milango imefungwa. Linanukia makasha na petroli kidogo. Ni gari zuri. Kiti kiko juu, unaona mbali, mgongo haulalamiki. Kwa mjini hakuna la kulaumu.

Jumamosi, 17 Mei

Mapema. Mkwe yuko chini tangu kulipokucha. Nasikia mlango wa buti ukifungwa na kufunguliwa, anapanga na kupangua. Madumu kwanza, kisha makasha, kisha ameyatoa tena, nadhani madumu yanacheza. Ameita mara mbili: "Mzee, tutoke kabla jua halijawa kali!" Furaha ya sauti yake imezidi kipimo.

Binti ametia chai kwenye chupa, ameiweka karibu na mlango wangu bila kubisha.

Dada amepiga simu. Nimepokea. Amesema ametandika kitanda cha chumba cha nyuma kwa shuka za mama, zile za ukingo wa bluu, na amemlipa mtu akate miiba iliyoziba dirisha. Aliuliza nitaingia saa ngapi. Nikasema mtandao ni mbaya. Akasema yeye ananisikia vizuri kabisa. Nikakata.

Nikampigia tena. Imeita mpaka ikakatika. Labda yuko bustanini.

Nimevaa viatu. Nitashuka nimwambie kijana azime injini, ateremshe makasha, yale madumu ayamimine kwenye tangi kwa kazi za wiki. Atabisha. Ataleta utani. Nitamwambia nusu ya gari ni yangu, na nusu yangu haiendi. Kisha nitampigia dada mpaka apokee, nimwambie yeye mwenyewe, nisimtume mtu.

Sitarudi kwetu.

Anapiga honi.