Kumtafutia Bibi Mdogo Mwalimu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu huko kambini mnakochonga barabara. Natumaini goti lako limepoa, na yule mpishi wenu anayewalisha maharage yenye mchanga ama amehamishwa ama amejifunza kuchagua. Sisi huku tu wazima. Pasi kubwa ya hapa dobini iliungua waya ikatulaza kidogo, lakini fundi ameitengeneza, na wateja walionuna wamerudi na furushi zao kama kawaida. Binti yako ni mzima pia. Amerefuka, sketi ya shule nimemshushia pindo, na jina lake la kwenye cheti limeshasahaulika. Hapa kwangu sote tunamwita Bibi Mdogo, maana anakagua sufuria zangu kama mama mkwe.

Barua yako niliipata na nikaisoma mara mbili. Uliandika kwamba Bibi Mdogo amekueleza kuna vijana wanamkamata njiani akitoka shule, na anaomba kujifunza kupigana. Ulikubali, tena kwa maneno makali, kwamba mtoto wa kike asikubali kushikwa na mtu yeyote, awe nani awe nani. Ukanipa kazi ya kuchagua, karate au judo au ngumi, ilimradi shule iwe na adabu, kwa kuwa mimi nina macho na pua. Nilicheka, nikaona umenipa cheo. Bibi Mdogo mwenyewe alikuwa na sharti moja tu, kwamba awe ameshajua kabla mkataba wako haujaisha na wewe hujaja kumchukua kumrudisha nyumbani. Nilidhani anataka kukuonyesha mkanda, akuvimbishe kichwa.

Shule ya kwanza iko ghorofani, juu ya duka la matairi, na kabla hujamaliza ngazi harufu ya miguu imeshakukaribisha. Unajua kazi yangu ni uchafu wa watu. Nimeshika kola, makwapa na soksi za kila aina bila kukunja uso. Pale nilikunja. Mikeka ya sponji imepasuka, ndani ina unyevu mweusi, na watoto wamepiga magoti juu yake, pua zimegusa chini, wakiisujudia picha ya mwalimu iliyotundikwa ukutani. Picha zake ziko tisa au kumi, zote anarusha teke.

Mwalimu huyo wanafunzi wanamwita Radi. Koti lake la karate lilikuwa jeupe zamani, sasa kola ina rangi ya chai ya maziwa na imekakamaa. Alipoona naitazama akanieleza kwa majivuno kwamba tangu apate mkanda mweusi hajalitia koti lile majini, kwa sababu ukifua unafua na elimu. Nikamuuliza kama elimu yake inakaa kwapani. Hakukasirika, hakunisikia hata, alikuwa ameshaanza hadithi ya jinsi alivyowaangusha majambazi watano peke yake, na huku anatia chumvi anachokonoa katikati ya vidole vya miguu. Kisha akaninyooshea mkono uleule tuagane. Niliupokea, mdogo wangu, kwa ajili ya mwanao, na nikaunawa bombani kwa wauza matairi mpaka wakaniuliza kama nimeungua. Bibi Mdogo alicheka njia nzima.

Kwenye ngumi hatukukaa. Mkufunzi ni mtu mwema, ana sauti ya upole, lakini pale ukumbini kuna ndoo moja. Wote wanatemea humo, na niliona kwa macho yangu kijana mmoja akisuuza kikinga meno chake humohumo na kukirudisha kinywani. Tulitoka bila kuaga. Mate yalinijaa mdomoni mpaka nyumbani, na chakula cha siku ile nilikiangalia tu.

Sasa nije kwa rafiki yako Komandoo, uliyemsifu barua nzima kwamba mlisoma naye na kwamba yeye ndiye atakayemfanya mtoto awe ngangari. Uwanja wake ni msafi, sikatai. Changarawe imepigwa reki, sare zimepigwa pasi, na watoto wanaitikia kwa sauti moja. Nikaanza kupumua. Ndipo msichana mmoja mdogo, wa umri wa kuota meno mapya, akakosea hatua. Komandoo hakumgusa. Alimwita katikati, akawaamuru wenzake wapite mmoja mmoja, kila mmoja ampige kofi, na yeye baada ya kila kofi aseme asante. Hiyo anaiita kukaza nafsi. Yule mtoto alisema asante zote, damu ya pua anaifuta kwa mkono wa koti, na wenzake wanapita kama wanapanga foleni ya maji. Mimi doa la damu naweza kulitoa kwenye kitambaa chochote, lakini pale nilitaka kutapika.

Nilimwambia mbele ya watoto wake kwamba mwanamume anayewatuma watoto wampigie mtoto ni takataka iliyopigwa pasi. Alitabasamu. Alisema nikusalimie, na kwamba wewe nidhamu unaijua, hutashangaa. Sikuelewa alikuwa na maana gani, nikaona ni ujuvi tu. Bibi Mdogo tulipofika barabarani akainama kando ya mtaro akatapika kweli. Nikasema ni jua. Akajipangusa, akaniuliza kama walimu wote ni marafiki wa baba. Nikamwambia hapana, mji huu una walimu wengi kuliko marafiki wa baba yake. Akanishika mkono, jambo ambalo kwa umri wake haliko tena.

Nilikuwa nimekata tamaa nikitaka kukuandikia kwamba atajifunza kukimbia na filimbi. Ni mteja wangu mmoja, mkunga, aliyeniletea furushi la makoti mazito ya judo, yana jasho lakini jasho la leo, siyo la mwaka juzi. Kumbe jioni anafundisha kwenye ukumbi uliokuwa bohari la nafaka. Tulipokwenda tulimkuta amekaa mlangoni juu ya kigoda, anakagua miguu na kucha za kila anayeingia, na kulikuwa na mzee mzima, mwanasheria, amerudishwa bombani akaoshe nyayo. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu barua yako ifike. Mikeka inapigwa deki kabla na baada. Hakuna picha ya mtu ukutani.

Mkunga huyo hakujisifu. Alinieleza kwamba watu huchagua mchezo wa kwanza kwa kutazama sinema, wakati ingefaa wajiulize mtoto anashambuliwaje. Akipigwa kwa mbali, kuna michezo ya mateke na ngumi. Akikamatwa, basi judo, kwa sababu judo yote ni kushikwa na kushika. Kwa hiyo ana desturi yake. Mwanafunzi mpya haulizwi maswali. Mwalimu anapiga magoti mbele yake, anampa mwili wake, anamwambia nionyeshe juu yangu jinsi anavyokushika, na asiyetaka kuonyesha halazimishwi.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikitegemea kumwona Bibi Mdogo akimvuta mkono au begani, kama wafanyavyo vijana wa njiani. Akazunguka nyuma ya mwalimu. Akamshika shingoni kwa nyuma, kidole gumba chini ya sikio, vidole vingine vimesokotwa ndani ya nywele, mkono wa pili ukambana kiwiko mgongoni. Kisha akamsukuma uso polepole mpaka mkekani, akainama sikioni kwake, akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo siyo yake: nusa kosa lako.

Mdogo wangu, duniani kulikuwa na watu watatu wanaoujua mshiko ule na maneno yale. Baba, ambaye tumeshamzika. Mimi. Na wewe.

Sihitaji kukukumbusha, lakini nitakukumbusha, maana naona umesahau kwa makusudi. Mimi alininusisha uji uliomwagika na majivu ya jiko. Wewe alikunusisha shuka ulilokojolea, kila asubuhi aliyolikuta bichi, ukiwa mkubwa wa kutosha kuona haya. Nilikuwa naamka kabla yake nilifue, nilipepee juu ya moto likauke, na siku nilizochelewa nilisimama mlangoni nikisikia unavyokosa pumzi. Uliniapia, kamasi zinakutoka, kwamba wewe hutamshika mtu hivyo hata awe mwizi. Nilikuamini. Nilikuamini mpaka nilipokuwa kwenye lile benchi.

Tuliporudi nilifunga duka mchana kweupe, nikamkalisha Bibi Mdogo kwenye meza ya kukunjia nguo, nikamwomba anieleze akitaka. Alieleza bila kulia, akikunja mataulo ya watu. Ilianza baada ya marehemu wifi kutuacha. Mafuta yaliyomwagika, alinusishwa. Chai iliyopoa, alinusishwa. Alama mbaya za hesabu, alinusishwa karatasi mpaka wino ukamhamia puani. Mara moja ilikuwa matapishi yake mwenyewe, akiwa na homa. Vijana wa njiani hawapo na hawajawahi kuwapo. Aliwatunga kwa sababu alijua ukisikia mwanaume mwingine amemshika utakubali afundishwe. Anataka ajue kujinasua kabla hujarudi.

Nimekaa na kalamu hii nikitafuta neno la kukuita na sijalipata. Hasira ningeiweza, hasira ni jambo safi. Hiki ni kinyaa. Nikiona mwandiko wako juu ya bahasha nasikia ile harufu ya shuka bichi. Nilipoisoma tena ile barua yako, pale ulipoandika asikubali kushikwa na mtu yeyote, niliiweka chini nikaenda kunawa. Yule Radi na kwapa lake, ile ndoo ya mate, hata Komandoo wako, wote wale niliwaonea kinyaa kama mtu anavyoona kinyaa cha kwa jirani. Wewe ni wa kwetu. Nimekulea mgongoni.

Basi sikiliza, na usijitie hamnazo. Bibi Mdogo harudi kwako. Mwalimu mkuu wake anajua, na afisa wa ustawi wa jamii ameshakuja hapa, amekaa kwenye benchi la wateja, ameandika. Ukija, utakuja kwangu mchana, duka likiwa na watu, utasimama upande wa nje wa kaunta kama mteja yeyote. Kama yeye atataka kutoka chumbani akuone, atatoka. Kama hatataka, utarudi ulikotoka, na usipaze sauti, maana mimi siyo mtoto wa miaka sita na sufuria za maji ya moto hapa haziishi. Kama unataka kutibiwa ulichorithi, nitakusindikiza kwa anayetibu, nitakaa nje nikusubiri siku nzima. Hilo nalisema kama dada yako, na silisemi kwa kukuonea huruma.

Sasa nikwambie lililobaki, ambalo sijamwambia mtu. Ameshajifunza kuanguka, ndilo somo la kwanza kwao, na juzi mkunga alisema ni wakati wa kumfundisha kutoka kwenye ule mshiko. Anahitajika mtu mzima wa kumshika kama anavyoshikwa, la sivyo somo halina maana. Wanaume wa pale Bibi Mdogo aliwakataa wote. Hata mkunga mwenyewe alimkataa. Akanichagua mimi. Nikavua viatu, nikaosha miguu, nikasimama nyuma ya mtoto wa marehemu wifi yangu, na nilikuwa nangoja mwalimu anielekeze. Hakukuwa na haja. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, gumba chini ya sikio, vidole kwenye nywele, ukabana, na nilisikia jinsi shingo ya mtoto ilivyo nyembamba na jinsi inavyokubali. Kwa pumzi moja, mdogo wangu, nilijua raha yake. Nilijua kwa nini baba hakuacha, na kwa nini wewe huachi. Sijawahi kukionea kiungo chochote cha mwili wa mtu kinyaa kama nilivyouonea mkono huu ninaokuandikia.

Kisha akageuza nyonga, akaingia chini yangu, nikaona dari, na mgongo wangu ukapiga mkeka ukumbi mzima ukageuka kutazama. Nililala pale nikitafuta pumzi. Akanisimamia juu, jasho linamtiririka, akaniambia shangazi inuka, unishike tena, na safari hii unishike kwa nguvu kama baba.

Naishia hapa, mashine imesimama na nguo za watu zinangoja. Fundi wa pasi anakusalimu, na majirani pia, ambao bado wanakuona mtu mwema. Lifunge goti usiku, huko kuna baridi. Bibi Mdogo hajakutumia salamu, nami sikumwomba.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja.